Maharage Hayaivi? Anzia Sokoni, Usianzie Jikoni

“Nimebandika tangu saa nane mchana, sasa hivi saa mbili usiku, bado yanagonga meno. Nifanyeje?”

Ujumbe wa namna hii naupata karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyehama kwao juzi akaanza kujipikia. Jibu fupi huwa halimfurahishi: kwa saa hiyo huna la kufanya zaidi ya kukaanga mayai. Maharage yanaharibikia sokoni na usiku wa kuamkia siku ya kupika, jikoni unavuna tu ulichopanda. Nimeandika hatua zote hapa ili mwingine akiuliza nimwelekeze huku.

Mifano yangu ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakopikia. Ukiwa Mbeya, Njombe au Nairobi kuna kitu kimoja kitabadilika, nacho kipo kwenye hatua ya 5.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Maharage makavu nusu kilo. Yanatosha watu 4 au 5 kwa mlo mmoja wa wali au ugali.
- Ungo, au sinia jeupe kama huna ungo.
- Bakuli kubwa au ndoo ndogo ya kulowekea.
- Sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa vizuri. Sufuria nyembamba inaunguza chini huku juu bado mabichi.
- Maji safi lita 4 au 5, ya kulowekea na ya kuchemshia.
- Jiko. La mkaa, la gesi, la umeme, lolote.
- Vya kuungia: vitunguu maji 2, nyanya 3 zilizoiva, nazi 1, mafuta vijiko 3 vya kulia, chumvi. Karoti na hoho ukipenda.
- Usiku mmoja wa kuloweka, na saa moja na nusu hadi mbili za jikoni.

Hatua ya 1: Nunua maharage ya msimu huu

Ukikumbuka kitu kimoja tu katika mwongozo huu, kumbuka hiki. Maharage yaliyokaa miezi mingi ghalani kwenye joto na unyevu hubadilika ndani. Ile gundi inayoshikilia nyama ya punje inakuwa ngumu, na maji ya moto hayaiachanishi tena. Hata ukimaliza gunia la mkaa, yatapasuka ganda, yatatoa supu, lakini ndani yatabaki kama chaki.

Sasa, sokoni hakuna atakayekwambia mzigo wake ni wa zamani. Mazungumzo huwa hivi:

“Mama, haya ni mapya?”

“Mapya hayo mwanangu, yameshuka jana.”

Na mama hajadanganya. Yameshuka jana kutoka kwenye lori. Hujamuuliza yamevunwa lini. Kwa hiyo uliza hivyo: ni ya mavuno ya mwaka huu? Halafu usitegemee jibu peke yake, tumia macho, meno na masikio.

Macho: maharage mapya yana mng'ao na rangi yake iko wazi. Yanayozeeka hufifia na kugeuka rangi kuelekea kahawia. Kwa maharage ya njano utaona haraka, yanaacha unjano wa samli yanakuwa kama chai ya rangi. Kwa rozikoko angalia sehemu nyeupe iliyo kati ya madoa; ikiwa imekuwa ya udongo, weka chini.

Kitu kibaya kuliko maharage ya zamani ni mchanganyiko wa ya zamani na mapya. Chota kiganja kimoja kutoka chini ya gunia, siyo juu, uyatandaze mkononi. Ukiona rangi mbili za aina moja ya maharage, umeshajua: nusu yatakuwa uji wakati nusu bado kokoto. Hayo hata ukipewa kwa bei ya kutupa yaache.

Meno: ng'ata punje moja. Iliyokauka vizuri inapasuka kwa mlio, “ka!” Ikibonyea chini ya jino, ina unyevu. Unalipia maji kwenye mzani, na nyumbani itaota ukungu.

Masikio na pua: tikisa kiganja, yagonge kama kokoto. Yanuse pia. Harufu ya vumbi ni kawaida, harufu ya ukungu siyo.

Angalia pia vitobo. Vitobo vidogo vya duara ni milango ambayo mdudu ametokea. Punje mbili tatu kwenye kilo unaweza kuvumilia. Ukiona unga mweupe umetuama chini ya gunia, ndani kuna ukoo mzima.

Kuhusu aina: anayeanza namshauri anunue ya njano, kwa sababu yanaiva upesi kuliko mengi na mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe. Yale mekundu makubwa ni matamu ila yanataka subira. Kablanketi yana wapenzi wake, nami ni mmoja wao. Usichanganye aina mbili sufuria moja mpaka uzoee muda wa kila moja.

Ukinunua kwa kisado badala ya kilo, tazama kisado chenyewe kwanza. Kilichobonyezwa kitako au ubavu kinakula robo yako. Na ukiwa na nafasi nyumbani, nunua ya miezi miwili mitatu wakati mizigo ya Mbeya na Rukwa inapoingia kwa wingi katikati ya mwaka. Ya mwaka mzima usinunue, utajitengenezea mwenyewe ugonjwa niliouelezea hapo juu.

Hatua ya 2: Chagua

Mwaga maharage kwenye ungo, kiasi cha kiganja kwa wakati, uyasogeze kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa vidole. Toa mawe, madongo, punje zilizosinyaa, zilizobunguliwa na zilizovunjika. Fanya kazi hii mchana au chini ya taa kali. Kuna jiwe dogo lenye rangi ileile ya maharage, na linasubiri siku ya wageni. Mimi liliondoka na kipande cha jino la juu, nikalipia kwa daktari pesa ya kununulia maharage ya nusu mwaka.

Hatua ya 3: Osha, kisha loweka usiku

Osha mara mbili kwa kuyasugua. Yanayoelea juu yatoe, mengi yana uwazi ndani aliouacha mdudu.

Weka kwenye bakuli, mimina maji vikombe 3 kwa kila kikombe cha maharage, tia chumvi kijiko kimoja cha chai. Ndiyo, chumvi. Tumelelewa tukiambiwa chumvi inakazisha maharage, lakini kwenye maji ya kulowekea inafanya kinyume, inalainisha ganda. Ukiloweka saa 3 usiku, asubuhi yatakuwa yamevimba karibu mara mbili.

Saa 8 hadi 12 zinatosha. Kwa joto la Dar usipitilize. Niliwahi kuyasahau kutoka Ijumaa usiku hadi Jumapili asubuhi, nikakuta povu na harufu ya togwa. Ukijua utachelewa, badilisha maji au weka bakuli kwenye friji.

Umesahau kuloweka? Kuna njia ya mkato. Chemsha maharage dakika 2 au 3, epua, funika, yaache yakae saa moja. Mwaga maji hayo, anza kupika. Hayalingani na ya usiku mzima, ila yanakaribia.

Hatua ya 4: Mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa nguvu

Maji uliyolowekea yamwage. Yamebeba sehemu ya sukari zile zinazojaza tumbo gesi. Suuza, weka maji mapya hadi yapite juu ya maharage kwa pingili mbili za kidole. Usitie nyanya. Usitie ndimu wala ukwaju. Kitu chochote kichachu kinazuia maharage kulainika, na hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya kununua ya zamani.

Bandika kwenye moto mkali. Yakianza kutokota, yaache yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua 10, mimi huzifanya 20. Utaona povu juu, liengue kwa kijiko.

Angalizo: dakika hizi siyo mapambo. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini. Punje 4 au 5 zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa chache, kisha kuharisha kunafuata. Moto mkali wa kutokota unaiharibu. Moto wa uvuguvugu hauiharibu, na maharage yaliyopashwa tu bila kuchemka yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi kabisa. Kwa hiyo wale mnaopenda kuyafunga kwenye kapu la kuhifadhi joto ili kubana mkaa, njia ni nzuri na mimi naitumia, lakini yachemke kwanza kwa nguvu ndipo yaingie kapuni. Na kabla ya kula yachemshe tena.

Hatua ya 5: Punguza moto, yaache yajipike

Sasa punguza. Kwenye mkaa, toa vipande viwili vitatu au ziba mlango wa jiko nusu. Unataka yacheke polepole, siyo yaruke. Funika, ukiacha upenyo mdogo.

Maji yakipungua ongeza ya moto, siyo ya baridi. Maji ya baridi yanakatisha mchemko na kila mara unaanza upya, mkaa nao unakwenda. Weka birika pembeni.

Maharage yaliyolowekwa usiku yatachukua saa moja hadi moja na nusu. Yasiyolowekwa, saa mbili hadi tatu. Hapa ndipo wa milimani waongeze: kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, na huko maji yanatokota kwenye nyuzi 94. Mjomba wangu wa Mbeya alikuwa akituona sisi wa Pwani wavivu wa kupika, kumbe sufuria yetu ina joto kuliko yake. Ukiwa huko, jiko la presha si anasa.

Angalizo la pili: usilale na jiko la mkaa ndani eti maharage yaivie usiku. Chumba kikifungwa, hewa ya mkaa haina harufu na watu hawaamki. Jiko libaki nje au barazani, na ukichoka, epua.

Hatua ya 6: Pima kama yameiva

Usionje punje moja. Chota tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, zibonyeze kwa ulimi kwenye paa la kinywa. Zote tano zikisambaratika bila kusaidiwa na meno, yameiva. Nne kwa moja, rudisha mfuniko.

Ganda kupasuka siyo dalili ya kuiva. Yapo yanayopasuka mapema na ndani bado unga mkavu.

Chumvi ya mwisho itie sasa.

Hatua ya 7: Gawanya kabla ya kuunga

Kama umechemsha mengi, toa ya siku zijazo kabla hujatia nazi. Maharage matupu na supu yake yanakaa siku 3 au 4 kwenye friji, na miezi kadhaa kwenye friza ukiyafunga mafungu ya mlo mmoja mmoja. Yakishaungwa na tui, umri wake unakuwa mfupi sana. Kama huna friji, chemsha ya siku hiyo tu. Kwa joto letu, chakula kilichokaa sufuriani tangu mchana si cha kuamini usiku, na kukichemsha tena hakuondoi kila kilichoota humo.

Hatua ya 8: Unga kwa nazi

Chagua nazi nzito, itikise sikioni usikie maji, na angalia macho yake matatu: yenye ukungu au yanayovuja iache. Ikune kwa mbuzi. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua kwenye kifumbu au chujio, hilo ni tui zito, liweke pembeni. Tia vikombe viwili kwenye machicha yaleyale, kamua tena, hilo ni tui jepesi.

Kaanga vitunguu hadi viwe laini, vikaribie dhahabu. Tia nyanya, kaanga mpaka zirojeke na mafuta yajitenge pembeni. Wanaoanza huwa hawana subira hapa, ndiyo maana mchuzi wao una ladha ya nyanya mbichi. Tia karoti na hoho kama unazo.

Mimina maharage pamoja na supu yake. Ponda kiasi cha upawa mmoja kwa mwiko ubavuni mwa sufuria ili mchuzi ushikane. Tia tui jepesi, yachemke dakika 10 hadi 15. Mwisho tia tui zito na uanze kukoroga bila kuacha, ukizungusha kuelekea upande mmoja, hadi lichemke mara moja. Acha lipumue dakika 2 au 3 bila mfuniko, epua. Usiondoke kwenda kujibu simu. Tui linakatika ukiwa umegeuza shingo.

Ukitumia jiko la presha

Maharage na maji yasizidi nusu ya sufuria, maana povu likipanda linaziba tundu la mvuke. Tia kijiko cha mafuta kupunguza povu. Yaliyolowekwa, dakika 15 hadi 20 tangu presha ipande. Yasiyolowekwa, 40 hivi. Usifungue kwa nguvu. Zima, subiri mvuke uishe wenyewe. Mfuniko ukikataa, una sababu zake.

Mambo yakiharibika

*Yamechemka saa tatu na bado magumu.* Jiulize maji ni ya wapi. Maji ya visima vingi vya Dar yana madini yanayokaza maharage. Nilipopanga Sinza mara ya kwanza nilipika kwa maji ya kisima na nyanya nikazitia mwanzoni, kosa juu ya kosa, tangu saa nane mchana. Saa tatu usiku mama mwenye nyumba akaja kuangalia nani anamaliza mkaa, akafunua mfuniko, akacheka, akaniletea sahani ya wali wake. “Kesho njoo uchukue maji ya mvua, mwanangu.” Maharage yaleyale, maji mengine, yakaiva kabla ya adhana ya adhuhuri. Kama maji ni mazuri na bado magumu, basi maharage ni ya zamani. Ncha ya kijiko cha magadi itasaidia kidogo.

*Nilitia magadi, yamekuwa na ladha ya sabuni.* Ulizidisha, na hayarudi. Magadi yanalainisha kweli lakini yanaua vitamini B1 na kugeuza maharage kuwa uji. Magadi ya mawe ya kanda ya kaskazini yana floraidi nyingi pia, na meno ya watoto yanaanza kuwa ya kahawia. Yatumie kwa dharura, yasiwe kiungo cha kila siku.

*Mchuzi ni maji matupu.* Ponda upawa mwingine wa maharage, acha yachemke bila mfuniko. Usitie unga wa ngano, tafadhali.

*Tui limekatika.* Yanalika, uso tu ndio umeharibika. Safari ijayo moto uwe mdogo na mkono usiache kukoroga.

*Yameungua chini.* Usikoroge! Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa kitako. Harufu ikiwa bado ipo, unga kwa kitunguu kingi na bizari, baadhi ya wageni hawatagundua.

*Tumbo linajaa gesi kila nikila.* Loweka saa 12, badilisha maji mara moja katikati, mwaga yote. Kula kidogo mara nyingi kwa wiki, badala ya sahani ya mlima mara moja kwa mwezi.

*Maharage yangu makavu yameingia wadudu nyumbani.* Yaanike kwanza kama yana unyevu, yapepete, kisha yajaze kwenye chupa kavu za maji za lita 5 mpaka mdomoni, ukigonga kitako chini ili yashuke, kaza kifuniko. Hewa ikiisha humo, mdudu naye anakwisha. Ukiwa na friza, siku 4 humo zinaua hata walio ndani ya punje. Vidonge vya sumu vinavyouzwa kwa ajili ya maghala visiingie kabisa kwenye nyumba watu wanamolala. Gesi yake inaua binadamu pia. Kwa mzigo wa kuanzia debe moja, uliza duka la pembejeo mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka, halafu usiifungue kila siku kuchota. Chota ya wiki mbili mara moja, funga.